Moyo Haukufungwa Nyaya

Fungua karibu kitabu chochote cha baiolojia ya sekondari au cha mafunzo ya uuguzi na utaukuta mchoro uleule: moyo uliopasuliwa katikati, misuli yake imepakwa rangi nyekundu, na juu yake pamechorwa mistari ya manjano inayoanzia kwenye nukta moja upande wa juu, ikapita kwenye nukta ya pili katikati, kisha ikashuka na kugawanyika matawi mawili kama waya unaopelekwa kwenye taa mbili. Mwalimu husema kwamba huo ndio mfumo wa umeme wa moyo, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kuna misuli kwa upande mmoja na nyaya kwa upande wa pili, kana kwamba fundi alifika moyo ukiwa umekwisha kujengwa, akautandikia nyaya. Kwa kukariri majina mchoro huo unafaa, na kwa kazi hiyo siupingi. Kwa anayetaka kuelewa mfumo huo ulitoka wapi, iwe ni katika kiinitete cha wiki chache au katika historia ndefu ya wanyama wenye uti wa mgongo, mchoro unapotosha, kwa sababu ndani ya moyo hakuna waya hata mmoja. Kila kipande cha mistari ile ya manjano ni msuli. Tena sehemu kubwa ya msuli huo ni moyo wa kale ambao haukubadilika. Kilicho kipya zaidi ni kizuizi kilichojengwa kuuzunguka.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Pale ambapo mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi unaingia kwenye atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha upande huo, pana kifundo kidogo cha seli zinazojianzishia mapigo bila kungoja amri. Ubongo huharakisha mwendo au huupunguza, lakini hauanzishi pigo. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa, tangu ule wa kwanza wa binadamu uliopandikizwa na Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, hupiga ndani ya kifua kigeni ilhali neva zake zimekatwa, na kwa kawaida hupiga haraka kidogo kuliko moyo wa mtu mwingine aliyepumzika, kwa kuwa neva iliyokuwa ikiutuliza haiufikii tena. Kutoka kwenye kifundo hicho wimbi la umeme husambaa kwenye atiria zote mbili kwa kasi ya takriban nusu mita hadi mita 1 kwa sekunde, hufika kwenye kifundo cha pili kilichoko mpakani mwa vyumba vya juu na ventrikali, ambazo ndizo vyumba vya chini, na hapo hujikokota kwa sentimita 5 hivi kwa sekunde ili atiria zimalize kumimina damu kabla ventrikali hazijajikaza. Likishavuka, hushika fungu la nyuzi na matawi yake, ambayo hulikimbiza kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde mpaka kwenye ncha ya moyo. Polepole, haraka, polepole, haraka sana. Wengi hustaajabia kasi ya mwisho. Mimi naona la kustaajabia zaidi ni ule ucheleweshaji wa katikati, kwa sababu ndani yake ndimo historia ya mfumo mzima ilimojificha.

Wanasayansi waliugundua mfumo huu kinyumenyume, kutoka matawini kuelekea kwenye chemchemi. Mwaka 1839 Jan Purkinje aliona chini ya utando wa ndani wa ventrikali za kondoo nyuzi bapa za kijivu, laini kama ute mzito, na hakujua zina kazi gani. Mtu yeyote anayenunua moyo wa ng'ombe au wa mbuzi buchani anaweza kuupasua upande wa kulia akaona kamba nene ya nyama iliyovuka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Ndani ya kamba hiyo hupita tawi la kulia la mfumo tunaouzungumzia, na nimewahi kuwaonyesha watu kamba hiyo jikoni wakadhani ni kasoro ya yule mnyama. Mwaka 1893 Wilhelm His mdogo alieleza fungu linalounganisha vyumba vya juu na vya chini. Mwaka 1906 Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi mjini Marburg katika maabara ya Ludwig Aschoff, alilifuata fungu hilo kwenda juu akakuta kifundo, akalifuata kwenda chini akafika kwenye nyuzi za Purkinje, na kwa mara ya kwanza ikajulikana kwamba vitu vyote hivyo ni mti mmoja. Kipindi hichohicho, katika kijiji kimoja cha jimbo la Kent huko Uingereza, mwanafunzi wa udaktari Martin Flack alikuwa akichungulia kwa hadubini vipande vya moyo wa fuko, akakiona kifundo cha kwanza. Yeye na mwalimu wake Arthur Keith walikitangaza mwaka 1907.

Jambo ambalo husahaulika katika simulizi hiyo ni namna Keith na Flack walivyokieleza walichokiona. Hawakusema wamegundua kiungo kipya. Walisema ni masalia ya nyuzi za asili zilizobaki mpakani mwa atiria na kile chumba cha kupokelea damu ambacho samaki, chura na kobe bado wanacho, na ambacho kwa mamalia kimemezwa na atiria ya kulia. Masalia! Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1907, na ilichukua karibu karne nzima watu kulirudia.

Walilikosa kwa sababu waliuliza swali kwa hadubini peke yake. Baada ya Tawara, wataalamu walipasua mioyo ya samaki, vyura na mijusi wakitafuta vifundo vyenye umbo kama vya binadamu, na hawakuviona. Mwaka 1942 Francis Davies alihitimisha kwamba tishu hii maalumu ya mamalia na ndege ni kitu kipya, wala si mabaki ya moyo wa wanyama waliowatangulia. Hoja yake haikuwa ya kijinga: ikiwa kitu hakionekani kwa babu, mjukuu hakukirithi. Lakini wanafiziolojia walikuwa na ushahidi wa upande wa pili tangu karne iliyotangulia. Mwaka 1852 Hermann Stannius aliufunga uzi moyo wa chura kati ya chumba cha kupokelea damu na atiria. Kile chumba kikaendelea kupiga, na sehemu zilizobaki zikasimama. Katika miaka ya 1880 Walter Gaskell wa Cambridge aliukata moyo wa kobe vipande, akaonyesha kwamba kila kipande kinaweza kupiga chenyewe kwa mwendo wake, kwamba kile kilicho karibu na lango la kuingilia damu ndicho chenye mwendo wa haraka kuliko vingine, na kwamba ishara husafiri ndani ya msuli wenyewe. Kobe wa Gaskell hakuwa na kifundo cha kuonekana, wala hakukihitaji.

Ushahidi ulio wazi zaidi hauhitaji hata kisu. Pima umeme wa moyo wa samaki, na karatasi itakuchorea mawimbi ambayo Willem Einthoven aliyapa herufi P, Q, R, S na T mwishoni mwa karne ya 19: kilima kidogo cha atiria, pumziko, mchomo mkali wa ventrikali, kisha kilima cha kutulia. Pumziko lipo, ingawa kifundo cha pili hakionekani. Kifaranga aliye ndani ya yai naye hutoa mchoro wa namna hiyohiyo angali wa siku chache tu, wakati ambapo mtaalamu mwenye hadubini hana tishu yoyote ya kuinyooshea kidole na kusema hii ndiyo njia ya umeme. Kazi imetangulia umbo. Anayesisitiza kwamba mfumo wa umeme huanza pale vifundo vinapoonekana anafanana na anayesema njia haikuwepo mpaka ilipowekwa lami.

Ni ndani ya kiinitete ndiko mambo yalikofumbuka. Moyo wa binadamu huanza kupiga takriban siku ya 22 baada ya kutungwa kwa mimba, na moyo wa kifaranga huanza ndani ya siku ya pili ya kuatamiwa. Wakati huo moyo si moyo tunaoujua, ni bomba. Seli zake karibu zote zinafanana: zinaweza kujianzishia mapigo, zinapitisha ishara polepole, na zinajikaza kwa unyonge, hivyo wimbi hutambaa kutoka nyuma kwenda mbele kama tonge linavyoshuka kooni. Kisha bomba hujikunja, na upande wa nje wa mkunjo sehemu mbili huanza kufura kama puto. Seli za sehemu hizo zinazofura huwasha jeni za protini zinazounganisha seli na seli ili ishara ipite kwa kasi, pamoja na jeni za milango ya sodiamu inayolipa wimbi nguvu, na huacha kujianzishia mapigo. Hizo ndizo atiria na ventrikali za kesho. Msuli uliobaki kati ya maputo hayo, na ule wa langoni, haufuri. Hubaki ulivyokuwa, wa polepole na wenye kujiendesha. Hapo tayari una polepole, haraka, polepole, haraka, na hakuna fundi aliyepita.

Kundi la watafiti wa Amsterdam, wakiwemo Antoon Moorman na Vincent Christoffels, ndilo lililoueleza mpango huu kwa lugha ya jeni. Kinachozuia msuli wa mpakani usifure ni protini za kudhibiti jeni ziitwazo Tbx2 na Tbx3, ambazo hufunga mlango wa maelekezo ya kuwa msuli wa chumba. Mwaka 2007 watafiti hao walionyesha kwamba Tbx3 ikilazimishwa kufanya kazi ndani ya atiria za panya, seli za atiria huanza kuwa na tabia za kifundo na kuanzisha mapigo mahali pasipostahili. Tafsiri yangu ni kwamba kifundo hakijengwi kwa kuongezewa kitu, bali kwa kunyimwa. Ni msuli uliokatazwa kukua. Neno la Keith na Flack, masalia, lilikuwa sahihi kuliko walivyoweza kuthibitisha wakati wao.

Hadi hapa nimezungumzia mwendo wa polepole. Kasi ya ventrikali nayo ina asili yake, na si ile ambayo mtu angeibashiri. Ventrikali ya samaki, chura au mjusi si chumba chenye ukuta mnene kama wetu. Ndani yake imejaa nyuzi za misuli zilizofumana kama sponji au dodoki, na damu hupita katikati ya nyuzi hizo. Ventrikali ya kiinitete cha mamalia huanza vilevile. Mwaka 2012 Bjarke Jensen na wenzake, wa kundi hilohilo la Amsterdam, walilinganisha jeni zinazowaka katika mioyo ya wanyama wa makundi mbalimbali wenye uti wa mgongo, wakaona kwamba sponji ya ventrikali ya wanyama wa damu baridi inalingana na sehemu ya kiinitete cha ndege na mamalia inayokuja kuwa matawi ya fungu na nyuzi za Purkinje. Kwa hiyo samaki hakukosa njia ya umeme katika ventrikali. Ventrikali yake yote, au karibu yote, ni njia ya umeme na pampu kwa pamoja. Sisi tulijenga ukuta mnene upande wa nje, kazi ya kusukuma ikahamia huko, na ile sponji ya zamani ikabaki kuwa utando mwembamba wa ndani wenye kazi ya kupeleka habari.

Kutoka kwenye bomba hadi kwenye moyo wa vyumba vinne safari haikuwa moja, na baadhi ya vituo vyake bado viko hai. Tunikata, wanyama laini wa baharini wanaojishikiza kwenye miamba na nguzo za magati, ambao kwa nasaba ni jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo, wana moyo wa bomba lisilo na vali, unaosukuma damu upande mmoja kwa muda kisha ukageuza mwelekeo. Samaki wamechagua upande mmoja kwa kudumu. Kamongo wa Ziwa Victoria, anayevuta hewa kwa mapafu, ana ndani ya moyo ukuta usiokamilika unaoanza kutenganisha damu ya mapafu na damu ya mwili. Samaki na kamongo wana kitu kimoja ambacho sisi tumekipoteza: msuli wao wa atiria na msuli wa ventrikali umeungana kupitia pete ya msuli wa polepole inayozunguka mpaka wa vyumba hivyo.

Kwa ndege na mamalia pete hiyo imekatwa. Kati ya atiria na ventrikali pamejengwa tabaka la tishu nyuzi lisilopitisha umeme, likatobolewa mahali pamoja tu, na hapo ndipo fungu la His linapopenya. Hicho ndicho ninachokiona kuwa kipya hasa katika mfumo wetu: ukuta, na mlango mmoja ndani yake. Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Kuna kirukanjia na ndege wanaofyonza maua ambao mapigo yao hupita 1,000 kwa dakika, maana yake pigo zima, kujaa na kumwaga, halizidi milisekunde 60. Kwa mwendo huo hakuna nafasi ya wimbi kupenya huku na huku kwenye pete nzima na kurudi lilikotoka. Upande wa pili, mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya umeme wa moyo wa nyangumi wa buluu aliyepimwa akiwa huru baharini, wakapata mapigo yaliyoshuka hadi 2 kwa dakika alipozama na kupanda hadi 37 aliporudi juu ya maji. Moyo mzito kama ule wa nyangumi na moyo usiozidi punje ya choroko hutumia mpango uleule wa ukuta na mlango.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani kwamba fungu na mtandao wa Purkinje vilikuja pamoja, siku moja na damu moto. Mamba ndiye aliyenisahihisha. Mamba ana damu baridi lakini ventrikali zake mbili zimetenganishwa kabisa, jambo ambalo hakuna mnyama mwingine wa damu baridi aliyelikamilisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mamba wa Marekani, wale wa jamii ya aligeta, ulionyesha kwamba ana fungu linalofanya kazi juu ya ukuta unaotenganisha ventrikali, ila hana mtandao wa Purkinje. Ndani ya ventrikali ishara bado husafiri polepole kwa nyuzi za sponji kama ilivyo kwa mjusi. Kwa hiyo fungu lilifuata kutenganishwa kwa ventrikali, na mtandao wa kasi ulifuata mapigo ya haraka na joto la mwili. Ni mambo mawili yenye sababu mbili.

Na yametokea zaidi ya mara moja. Nasaba ya ndege na nasaba ya mamalia zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na babu yao wa pamoja hakuwa na moyo wa vyumba vinne. Ndiyo maana mitandao yao ya Purkinje inafanana kwa kazi na kutofautiana kwa ramani: ya ndege hufuata pia mishipa ya ateri hadi kwenye kina cha msuli, ilhali ya mamalia wengi hutandaa zaidi chini ya utando wa ndani. Mwaka 1995 Robert Gourdie na Takashi Mikawa, kwa kutia alama seli za kiinitete cha kuku kwa kutumia virusi, walithibitisha kwamba seli za Purkinje ni watoto wa seli za msuli wa moyo, wala hazikuhamia hapo kutoka kwenye mfumo wa neva. Ugunduzi huo peke yake ungetosha kuufuta ule mchoro wa nyaya, lakini wachapishaji wa vitabu wana subira.

Kwa nini mambo haya yamhusu mtu asiyechunguza mamba? Kwa sababu magonjwa ya mapigo ya moyo hutokea pale historia ilipoacha mishono. Nyumba yenye mlango mmoja ni salama mpaka mlango utakapokwama. Fungu likiharibika kwa uzee, kwa kovu au kwa ugonjwa, atiria huendelea kupiga na ventrikali hazipati habari. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa ikimwangusha Arne Larsson mara nyingi kwa siku mpaka tarehe 8 Oktoba 1958, alipokuwa mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo mwilini, mjini Stockholm, kwa mikono ya daktari Åke Senning na kifaa cha mhandisi Rune Elmqvist. Aliishi hadi mwaka 2001. Baadhi ya watu huzaliwa na kasoro katika jeni zilezile zinazopanga maputo na vifundo: mabadiliko katika jeni ya TBX5 huleta ulemavu wa mikono pamoja na tundu la moyo na hitilafu za umeme, na mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba mabadiliko katika NKX2-5 yanaweza kuifanya ishara ikwame mpakani katika familia nzima, kizazi baada ya kizazi.

Kasoro ya upande wa pili ni ukuta kuwa na tundu. Mwaka 1930 Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White walieleza vijana wenye afya ambao moyo wao hukimbia ghafla, na ambao mchoro wao wa umeme unaonyesha ventrikali zikiamka mapema kuliko inavyostahili, bila lile pumziko kamili. Chanzo chake ni uzi wa msuli uliobaki ukiunganisha atiria na ventrikali kando ya mlango halali, kwa kuwa wakati ukuta ulipokuwa ukijengwa katika kiinitete pete ya zamani haikukatwa yote. Wimbi hushuka kwa mlango, hupanda kwa tundu, na kuzunguka hivyo mara 200 kwa dakika. Siku hizi daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, huutafuta uzi huo milimita kwa milimita, na huuchoma kwa joto la mawimbi ya redio mpaka ukome kupitisha ishara. Anachokiunguza ni daraja la msuli, na kwa chura daraja la namna hiyo lingekuwa sehemu ya kawaida ya moyo.